Sista, mbona mtoto wangu amekuwa wa njano?

Swali la kwanza huwa halihusu ugonjwa. Linahusu chakula. "Sista, nilikula nini?" Mama anauliza huku akimtazama mwanawe aliyelala chini ya taa ya bluu, uchi, macho yamefunikwa kitambaa, na mimi najua kichwani mwake tayari ana orodha: maembe aliyokuwa akiyatamani, bizari ya kwenye mchuzi, vidonge alivyopewa kliniki, ile siku aliyogombana na wifi yake.

Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga katika hospitali moja ya mkoa huku pwani ya Tanzania. Kwenye makaratasi kazi yangu ni kupima, kulisha, kutoa dawa na kuandika faili. Kwa vitendo, sehemu kubwa ya zamu huishia kwenye kujibu maswali, na yanayorudi kila wiki ni ya mambo mawili: manjano na pumzi. Nimeamua kuyaandika hapa kwa sababu nimechoshwa na majibu yetu. Maswali ya akina mama hayana tatizo lolote. Sisi wahudumu tuna majibu mawili ya haraka haraka. Kwa manjano tunasema, "Ni kawaida tu, mama." Kwa pumzi tunasema, "Mapafu hayajakomaa." Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana yanaumiza. La kwanza humfanya mama arudi nyumbani akatulie wakati hapaswi kutulia. La pili humfanya aanze kulia msiba ambao haujatokea.

Basi tuanze na hiyo orodha ya vyakula. Maembe hayahusiki, bizari haihusiki, na wifi naye tumwache. Mtoto akiwa tumboni huhitaji chembe nyekundu za damu kwa wingi, maana oksijeni yake yote inapitia kwa mama. Akishazaliwa na kuanza kuvuta hewa mwenyewe, nyingi ya chembe hizo zinakuwa za ziada, na isitoshe chembe za mtoto mchanga huishi muda mfupi kuliko zetu. Zikivunjika hubaki kitu cha njano kinachoitwa bilirubini. Ini la mtu mzima huigeuza iweze kutoka na choo. Ini la mtoto wa siku mbili bado linajifunza kazi. Halafu choo kikichelewa kutoka, sehemu ya bilirubini hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Ndiyo sababu tunakusumbua na habari ya kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku: anayenyonya sana hunya sana, na njano hutoka na choo hicho. Maji ya glukosi ambayo bibi huja nayo kwenye chupa hayasaidii kitu. Yanashibisha tumbo na kuchukua nafasi ya maziwa.

Njano hii huwapata takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao, na 8 kati ya 10 wa watoto njiti, ndani ya wiki ya kwanza. Wala si homa ya manjano. Ile huletwa na virusi vinavyosambazwa na mbu, na ndiyo inayodaiwa cheti cha chanjo mipakani. Baba mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama nyumba nzima iende kuchanjwa. Sikucheka. Ukiambiwa mtoto ana manjano, na maisha yako yote umesikia neno hilo likifuatana na homa, ungefikiria nini?

Sasa, hiyo "kawaida". Njano inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa haiwi ya kawaida hata siku moja. Hiyo ni ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana. Ile ya kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, hupanda hadi siku ya tatu mpaka ya tano, kisha hushuka. Kwa njiti huchelewa kidogo kufika kileleni. Ukitazama kalenda hiyo utaona tatizo lilipo. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa siku inayofuata. Njano inapofika kileleni, mtoto yuko nyumbani.

Na yuko nyumbani kwa namna gani? Huku kwetu mzazi anaingia arobaini. Chumba cha ndani, pazia limeshushwa, upepo usimpige mtoto. Kavishwa kofia, soksi, vile vifuko vya mikononi, kafungwa kanga juu ya shali. Wageni wanaonyeshwa pua tu. Taa ya chumbani ni hafifu, na chini ya taa hafifu kila mtu ana rangi ya njano, hata baba mtu. Siku ya nne mtoto anaanza kulala kupita kiasi. Hanyonyi vizuri, anavuta mara mbili anasinzia. Hapo ndipo linapotoka lile neno ambalo mimi nikilisikia nywele zinanisimama: "Mtoto wetu mpole jamani, hasumbui." Mtoto wa siku nne ana haki ya kusumbua. Anayelala saa tano mfululizo bila kudai titi siku ya nne si mpole, na asipoamka kirahisi anatakiwa aonwe na mtu siku hiyo hiyo.

Kumkagua hakuhitaji kifaa. Msogeze dirishani mchana, mvue kofia na soksi. Kwenye ngozi yetu nyeusi rangi hujificha, kwa hiyo usitazame ngozi ilivyo juu juu. Weka ncha ya kidole kwenye pua yake, bonyeza kidogo, achia. Kwa sekunde moja, kabla damu haijarudi, utaona rangi halisi iliyo chini. Fanya hivyo kwenye paji la uso, kifuani, kisha kwenye nyayo. Angalia weupe wa macho, angalia na fizi. Njano ya ngozini huanza kichwani na kuteremka, kwa hiyo ikiwa imefika kwenye viganja na nyayo, usisubiri kesho. Ila jicho, hata langu la miaka yote hii, haliwezi kukisia kiwango. Kiwango hujulikana kwa kipimo.

Na kipimo nacho kina maswali yake. "Mbona mtoto wa kitanda cha jirani ana namba ndogo kuliko wangu, na yeye yuko kwenye taa, wangu mmemwacha?" Swali zuri mno, na mara nyingi linajibiwa kwa kukunja uso. Hakuna namba moja ya watoto wote. Tunatumia chati inayosoma umri kwa saa, na ndiyo maana tunakuuliza alizaliwa saa ngapi mpaka unahisi tunakuhoji kama polisi. Kiwango ambacho ni cha kutia wasiwasi kwa mtoto wa saa 20, kwa mtoto wa siku nne aliyetimiza miezi kinaweza kuwa si kitu. Na njiti huwekwa kwenye taa mapema, kwa namba ndogo, kwa sababu ubongo wake hauna ulinzi wa kutosha.

Ubongo ndio tunaouogopa. Bilirubini ikizidi sana huingia huko na kuharibu. Mtoto huanza kwa kulegea na kukataa titi, kisha kilio kinabadilika, kinakuwa chembamba na cha juu, kisha anakakamaa na kujipinda mgongo kwenda nyuma. Mitaani hiyo huitwa degedege, na anayeitwa kwanza mara nyingi si sisi. Anayenusurika hapo anaweza kubaki na mtindio wa ubongo, mwili ukijinyonganyonga bila yeye kutaka, au akabaki kiziwi. Inaniuma kwa sababu dawa yake ni mwanga. Mwanga tu, ukiwahi.

Hapo ndipo linapokuja swali la jua, na bibi ndiye anayeliuliza. "Mjukuu wangu, sisi tuliwaanika jua la asubuhi, wakapona." Shikamoo bibi, na hujakosea sana. Taa hizi zenyewe zilizaliwa kwenye jua. Katika miaka ya 1950, kwenye hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi aitwaye Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa njiti nje wapate hewa na jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka njano, isipokuwa sehemu moja iliyobaki njano kabisa: palipofunikwa na kona ya shuka. Baadaye chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani penye jua ilipopimwa, bilirubini yake ilikutwa imeshuka. Daktari Richard Cremer na wenzake wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo. Napenda kuisimulia hii, nikiri, kwa sababu aliyeona kwanza alikuwa nesi.

Mwanga, hasa wa bluu, ukiipiga bilirubini iliyo kwenye ngozi huibadilisha umbo ikawa aina inayoweza kutoka mwilini bila kulisubiri ini. Kwa hiyo kinachotibu ni mwanga mwingi, kwenye ngozi nyingi, kwa saa nyingi. Nusu saa ya jua la asubuhi, mtoto akiwa na kofia na nepi na kanga, inatibu nyusi. Ukimvua na kumwacha saa nzima, utamuunguza au atapata baridi, au vyote viwili. Huko Lagos, Nigeria, watafiti waliwahi kuwaweka watoto chini ya vibanda vyenye karatasi maalumu ya kuchuja miale mibaya ya jua, wakiwapima joto mara kwa mara, na matokeo waliyochapisha mwaka 2015 yalionyesha kuwa njia ile haikuwa duni kuliko taa. Hiyo ni jua lenye msimamizi na kipimajoto. Ya kwetu ya barazani, bibi, ni ya kuota tu.

Maswali ya taa yenyewe nayapitisha haraka. Haimuunguzi, si eksirei. Macho tunayafunika kwa sababu mwanga ni mkali. Yuko uchi kwa sababu kila kipande cha ngozi kilichofunikwa hakitibiwi. Nepi iwe ndogo iwezekanavyo, na kanga unayomfunika kwa siri tukigeuka tunaiona. Choo kuwa chepesi na cha kijani ni dalili njema. Mtoe umnyonyeshe, mrudishe. Njano ikifutika usoni haina maana tumemaliza, kwa kuwa ngozi iliyopigwa mwanga hupauka kabla ya damu kusafishika, tunapima tena.

Kuna swali moja ambalo huulizwa kwa kunong'ona, na mara nyingi anayeuliza ni baba: "Mmesema damu ya mtoto hailingani na ya mama yake. Sasa huyu ni mtoto wa nani?" Nimeona nyumba zikitikisika kwa sentensi hiyo moja ya kwenye faili. Mama wa kundi O akizaa mtoto wa kundi A au B, kinga za mama zinaweza kupenya na kuvunja chembe za mtoto, na njano huja mapema na kwa kasi. Lakini hebu tufikiri. Mama O hana A ya kumpa mtoto. Hiyo A imetoka kwa baba. Nikimweleza hivyo baba wa kundi A, mabega yake hushuka palepale, halafu huanza kutafuta mahali pa kuangalia.

Chanzo kingine tunacho sana ukanda huu uliokaa na malaria tangu enzi: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaorithiwa na kujitokeza zaidi kwa watoto wa kiume. Mwenye nao anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Lakini chembe zake nyekundu huvunjika ghafla zikikutana na vitu fulani, na kimojawapo kiko kwenye sanduku la bibi: vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo zisiliwe na wadudu. Nguo za mtoto zilizotunzwa kwa upendo miezi kadhaa humo, akavishwa zikiwa bado zinanuka. Akija mtoto wa kiume amekuwa njano ghafla, tayari yuko nyumbani siku kadhaa, mimi huinusa shali kabla sijasoma kadi. Kuna wakati kiwango huwa juu kiasi kwamba taa haitoshi, na inabidi damu ibadilishwe, kidogo kidogo, ikitolewa yake na kuingizwa nyingine.

Na la mwisho kwenye manjano, lisilo la dharura ya usiku lakini lina saa yake inayokimbia. Njano inayoendelea baada ya wiki mbili kwa mtoto aliyetimiza miezi, au wiki tatu kwa njiti, mara nyingi ni ya maziwa ya mama tu na haidhuru. Ila fungua nepi. Choo kikiwa cheupe kama chokaa, na mkojo wa rangi ya chai, huenda njia za nyongo zimeziba. Upasuaji wake upo, unaitwa kwa jina la Mjapani aliyeubuni, Morio Kasai, na hufanya vizuri zaidi kabla mtoto hajafikisha siku 60. Kliniki ya wiki sita ukiambiwa "itaisha," mwonyeshe mhudumu nepi.

Sasa pumzi. Hapa mama hana haja ya kuuliza kwanza, kwa sababu anasikia. Mtoto anaguna. Kila akitoa pumzi, "nh, nh, nh". Pua inapanuka, mbavu zinaingia ndani, kifua kinabonyea chini ya titi, na anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika. Tunamwambia, "Mapafu hayajakomaa," na yeye anasikia kuwa mtoto hana mapafu.

Anayo. Anachokosa ni utelezi. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya pafu vina unyevunyevu, na kuta zenye maji hupenda kung'ang'aniana. Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ndani ujaribu kuufungua. Hivyo ndivyo mtoto huyu anavyopambana kila pumzi. Mwili hutengeneza kitu kinachozuia hilo, surfaktanti, ambacho huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24 lakini hakiwi cha kutosha hadi wiki ya 34 au 35 hivi. Aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kuja bila akiba. Kule kuguna ni ufundi wake mwenyewe: anabana koo ili hewa isitoke yote, vifuko visifunge. Watoto wa mama wenye kisukari, na waliotolewa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza, nao huwa hatarini kidogo hata wakizaliwa wakubwa.

Hili kujulikana lilichukua muda. Mary Ellen Avery na Jere Mead, nchini Marekani, ndio walioonyesha mwaka 1959 kwamba mapafu ya watoto waliokufa hivi yalikosa kitu hicho. Na mama anaponiuliza kama haya yamemkuta kwa sababu hana pesa za hospitali ya kulipia, humwambia habari za Patrick. Alizaliwa Agosti 7, 1963, wiki tano na nusu kabla ya siku zake, zaidi kidogo ya kilo 2, na baba yake alikuwa Rais wa Marekani, John F. Kennedy. Akafa Agosti 9. Pesa zilikuwepo, madaktari walikuwepo. Mtoto wa ukubwa ule leo, kwenye wodi yetu yenye feni moja mbovu, namtarajia kwenda nyumbani.

Kilichobadilika ni nini? Kimojawapo ni chupa ya maji. Njoo uione, maana kila mama huiogopa kwanza. Hewa iliyochanganywa na oksijeni inaingia kwa mirija miwili mifupi puani. Mrija wa kutolea umechovya kwenye chupa yenye maji, kina cha sentimita tano au sita. Kina hicho ndicho mgandamizo: hewa haitoki mpaka iyashinde maji, kwa hiyo ndani ya kifua daima inabaki kidogo ya kushikilia vifuko visifunge. Chupa inatokota usiku kucha, bwabwabwabwa. Sisi tunaiita sipapu. Daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco waliandika kuhusu tiba ya mgandamizo huo mwaka 1971. Huko Blantyre, Malawi, walipolinganisha sipapu ya bei nafuu na oksijeni ya kawaida ya puani, kwa watoto wenye tatizo hili hasa walipona takriban 65 kati ya 100, dhidi ya 24 kati ya 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Mama wa wodi yangu hujifunza mlio huo siku ya kwanza. Mlio ukikatika ananiita kabla mashine yoyote haijapiga kelele: ama mrija umechomoka, ama mdomo umekaa wazi na hewa inapotelea huko.

Lakini kabla ya hapo lazima tuvuke imani moja nzito: ukiwekewa oksijeni, ndiyo basi. Imani hii haikutoka hewani. Watu wamewaona ndugu zao wakiwekewa mipira saa za mwisho, wakaunganisha. Oksijeni ilichelewa kufika, ikabebeshwa lawama ya kifo ilichokikuta. Nimebishana na shangazi wa mtoto aliyetaka mirija itolewe "apumzike." Siku hizi sianzi na maelezo. Namshika mkono nampeleka kwa mama aliye kitanda cha mwisho, ambaye mtoto wake alikuwa kwenye mirija ileile wiki iliyopita na sasa amebebwa kifuani, na ninawaacha waongee wenyewe.

Swali lenye mantiki zaidi ni kama oksijeni inaweza kudhuru macho. Ndiyo, ikizidi. Njiti mchanga mno akipewa nyingi kupita mahitaji, mishipa ya jicho inaweza kukua vibaya akapofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati, alipoteza uwezo wa kuona kwa njia hiyo. Ndiyo sababu ya kile kidude chenye taa nyekundu mguuni, kinachopima oksijeni kwenye damu: tunataka namba kati ya 90 na 95 akiwa kwenye oksijeni, na mama anayenishangilia kwa kuwa amefika 100 huniona nikipunguza. Akipewa rufaa ya kupima macho baada ya wiki kadhaa, aende hata kama mtoto anamtazama vizuri.

"Jana alikuwa nafuu, mbona leo amezidiwa?" Hili ndilo swali linalovunja moyo, na ndilo tungepaswa kulijibu kabla halijaulizwa. Tatizo hili huwa linazidi kwa siku mbili tatu za kwanza, kisha mtoto huanza kutengeneza surfaktanti yake na kupanda. Mama akiambiwa hivyo saa ya kulazwa, siku ya pili anaivumilia. Asipoambiwa, siku ya pili anatafuta usafiri wa kumpeleka kwingine.

Ipo surfaktanti ya dukani, inayotiwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Mjapani Tetsuro Fujiwara alieleza mwaka 1980 jinsi alivyowapa watoto 10 iliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Ni ghali, na si hospitali nyingi za mikoa zinazokuwa nayo. Nyingine hutokana na nguruwe, na huku pwani lazima swali hilo lije. Naona ni haki kumwambia mzazi ukweli kabla, si baada. Wengi humpigia simu sheikh wao wakiwa hapo hapo koridoni, na jibu walilopewa wale niliowashuhudia lilikuwa kwamba dharura ina hukumu yake.

Zile sindano alizopewa mama akiwa bado na mimba, "za nini na mtoto hajazaliwa?" Za kuharakisha hayo mapafu. Graham Liggins wa New Zealand aligundua kwa kondoo: wana-kondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa ya aina ile wakiwa tumboni walipumua kuliko alivyotarajia. Yeye na Ross Howie wakajaribu dawa ya aina hiyo kwa akina mama na kuchapisha mwaka 1972. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao Kenya ilikuwemo, ulionyesha mwaka 2020 kwamba hata katika hospitali za nchi kama zetu deksamethasoni, mojawapo ya sindano hizo, inapunguza vifo vya watoto waliozaliwa mapema. Uchungu ukikushika kabla ya wiki 34, fika hospitali mapema sindano zipate muda wa kufanya kazi. Usiubane nyumbani ukidhani unampa mtoto siku zaidi.

Mtu wa umri wowote lazima aniulize: wa miezi saba hupona kuliko wa miezi minane? Wayunani wa kale nao waliamini hivyo na wakaandika. Si kweli, kila wiki ya ziada tumboni ni faida kwake.

Baada ya sipapu, siku ya nne au ya tano, mtoto yuleyule anageuka njano. "Mapafu yamepona, sasa ini limeharibika?" Hapana, mama. Ni ule uchanga uleule, safari hii umehamia kwenye ini. Anawekwa taa, anabaki na mpira wa kulishia, na wewe unaendelea kukamua kila saa tatu hata kama yanatoka matone. Katikati ya hayo anaweza kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa; tunamgusa unyayo, anakumbuka.

Na akitulia tu anahamia kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, kanga juu. Kwa muda mrefu tulisubiri mtoto awe imara kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, na Muhimbili ikiwa mojawapo ya vituo vyake, uliwaweka kifuani watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wakiwa bado kwenye sipapu. Vifo vilipungua kwa robo. Baba naye ana kifua. Wanaobisha wanasema wana malaika wengi kifuani. Mtoto hajawahi kulalamika.

Swali la kuondokea ni lile la mimba ijayo: "Na mwingine atakuwa hivi?" Huenda, huenda isiwe. Aliyewahi kuzaa njiti yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia, na mtoto aliyepata njano kali huashiria mdogo wake naye aangaliwe tangu saa ya kwanza. Kwa hiyo kliniki uanze mapema, ujue kundi lako la damu, na kama ni hasi (Rh) ukajifungua mtoto chanya, ile sindano ya kinga iitwayo anti-D ichomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Mambo haya yaandikwe kwenye kadi ya kliniki: wiki alizozaliwa, alikaa kwenye taa siku ngapi, alitumia sipapu au la. Wahudumu tukichoka tunaandika "alitibiwa, amepona" na kugonga muhuri. Irudishe kadi kaunta, tukumalizie kuandika.